Mama Mkwe na Nyigu wa Njano

Tulipoachana wiki iliyopita, ncha ya kalamu ilikuwa imebakiza upana wa kidole kimoja kuigusa karatasi, na mtu akapiga ukelele kutoka getini:

"Usitie saini!"

Najua wengi wenu mmekisia ni mume. Wengine mmesema ni polisi. Poleni sana, wote mmekosa.

Alikuwa Mama Mkwe.

Ndiyo, huyo huyo! Mwanamke ambaye kwa miaka sita amekuwa akiliita gari la mkwewe "jeneza la njano". Mwanamke aliyeapa mbele ya ukoo mzima kwamba hatakunja magoti yake aingie kwenye kitu kilicho chini kuliko kigoda cha jikoni. Leo alikuwa anakuja mbio katikati ya ndoo za waridi za duka la maua, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, mkoba ukimpigapiga kiunoni.

Daktari, kalamu mkononi, alibaki mdomo wazi. Na kwa msomaji aliyejiunga nasi leo, Daktari huyu si wa watu. Ni wa mifugo. Anazalisha ng'ombe, anachanja mbuzi, anashona mbwa waliochanika kwenye senyenge. Gari lake ni la michezo: viti viwili tu, rangi ya njano, mstari mweusi mgongoni, sauti ya kuumiza masikio. Mtaa mzima unaliita Nyigu. Alilinunua kwa jasho lake kabla hajaolewa, na hajawahi kupenda kitu cha chuma namna ile.

Lakini mwezi uliopita Nyigu alilalia tumbo kwenye matope, na Daktari akafika kwenye zizi la mjane mmoja akiwa amechelewa saa mbili nzima. Ndama alikuwa ameshakufa. Mjane hakumlaumu. Alimletea maji ya kunawa miguu, akamshukuru kwa kuja.

Shukrani ile ndiyo iliyomchoma. Kesho yake Daktari akaanza kutafuta pikapu.

Na pikapu ilikuwa hapo nje, imeegeshwa pua kwa pua na Nyigu. Mwenyewe ni Muuza Maua, bwana mmoja mnene, mchangamfu, aliyetaka gari la kifahari la kubebea maharusi. Gari kwa gari, hakuna cha kuongeza. Kilichobaki kilikuwa saini.

"Mama, kuna nini? Nani anaumwa?" Daktari aliuliza.

"Hakuna anayeumwa. Weka kalamu chini."

"Kwa nini?"

Mama Mkwe alimtazama Muuza Maua, kisha akaitazama dari, kisha akavaa kiatu chake. "Siwezi kusema mbele ya watu."

"Mimi si watu, mama yangu," alisema Muuza Maua akicheka. "Mimi ni muuza maua. Lakini nami niseme ukweli. Kuna mfyatua matofali anaitaka hii pikapu tangu juzi. Nitamsubirisha mpaka saa kumi. Ikigonga saa kumi na hamjarudi, namkabidhi funguo."

Ilikuwa saa tano na nusu. Daktari aliiweka kalamu mezani kama mtu anayeweka yai.

"Twende tukaongelee nje," alisema.

"Nje hapana," alijibu Mama Mkwe. "Garini."

"Gari gani?"

"Lako."

Daktari alidhani hajasikia vizuri. Alifungua mlango wa abiria na kusimama kando, tayari kumshika mkono, tayari kumsukuma, tayari hata kuita watu wawili wenye nguvu.

Hakuhitajika mtu. Mama Mkwe alitanguliza makalio, akazungusha miguu yote miwili kwa pamoja, akawa ndani. Sekunde mbili! Kisha akapeleka mkono chini ya kiti, upande wa kushoto, nyuma kabisa, akavuta kitasa kilichojificha pale, na kiti kikateleza mbele.

Daktari aliganda.

"Mama. Kitasa hicho hata mafundi hawakijui."

"Kitasa gani?"

"Hicho ulichokivuta."

Nyuki mmoja wa kwenye maua akapita kati yao akaenda zake.

"Funga mlango kwanza," alisema Mama Mkwe kwa sauti ndogo.

Wakafunga milango. Mama Mkwe akafungua mkoba, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha akatoa kadi ndogo inayong'aa. Akaiweka juu ya dashibodi.

Ilikuwa leseni ya udereva. Picha ilikuwa yake. Tarehe ilikuwa ya wiki tatu zilizopita.

"Nani amekufundisha?" Daktari aliuliza, na jibu alikuwa ameanza kuliona.

"Mwanangu."

"Mume wangu?"

"Nina wangapi wengine? Kila Jumatano ukienda kukagua nyama machinjioni na gari lao, sisi tunamtoa Nyigu. Miezi mitano sasa."

"Ndiyo maana kila Alhamisi nakuta mafuta yamezidi! Nilishampeleka kwa fundi mara mbili, Mama! Nikamwambia geji imeharibika!"

"Tulikuwa tunarudishia," alisema Mama Mkwe kwa unyonge. "Mkono wangu ni mzito kidogo kwenye pampu."

Daktari hakujua acheke au alie. Alijaribu kukasirika, hasira ikamkatalia. Mama wa miaka sitini na mitatu, amekaa mikono magotini kama mwanafunzi aliyekamatwa na maembe!

"Lakini jeneza la njano, Mama? Miaka yote sita?"

"Nilikuwa naogopa kulipenda," alisema. Akageuza uso dirishani. "Sasa nimelipenda, nawe unampa mtu akalifunge mariboni."

Daktari alifungua mdomo ajibu. Hakuwahi. Simu yake ililia.

Alikuwa Mwalimu Mstaafu, anayeishi upande wa pili wa kilima na ng'ombe wake mmoja wa maziwa. Ni mtu wa sentensi kamili, hata akiwa motoni.

"Daktari, habari za asubuhi. Ng'ombe wangu yupo katika uchungu tangu alfajiri. Umetokea mguu mmoja. Na pua. Mguu wa pili hauonekani. Naomba uje haraka, nami naanza kuogopa."

Kwenda kwa Mwalimu kuna njia mbili. Ile fupi inapita bondeni, na bonde ndilo lililommeza Nyigu mwezi uliopita. Ile ya lami inazunguka kilima chote, ndefu mara tatu, kona juu ya kona. Na Mwalimu alihitaji mtu wa kumwelekeza kwa simu wakati huo huo, asije akauvuta ule mguu mmoja akamuua ndama na mama yake.

Huwezi kushika simu, kumtuliza mzee, na kukata kona za kilima kwa mikono miwili.

Daktari aliitazama leseni juu ya dashibodi. Kisha akamtazama mwenye leseni.

"Mama, hamia huku."

Ningependa kuwaeleza safari ile kona kwa kona, lakini Daktari mwenyewe aliipitisha macho yakiwa yamefumbwa. Kila alipoyafumbua aliona mlima ukija, kisha mlima ukiondoka.

"Usivute, Mwalimu! Usiguse kabisa! Msimamishe kama anaweza!"

"Amesimama. Je, nimwambie neno?"

"Mwambie lolote!"

Nyigu alinguruma, akateremsha gia, akaikumbatia kona, akatoka upande wa pili akiimba. Mama Mkwe alikuwa ameinama mbele kidogo, midomo ameikaza, macho yakicheka. Hakupayuka. Hakugongesha gia hata mara moja. Lori la mchanga lilipowazibia njia, aliwasha taa, akasubiri barabara inyooke, akapita kama mtu anayepita mlango wa nyumba yake.

"Nani alikufundisha kusubiri?" Daktari aliuliza, ameziba simu kwa kiganja.

"Lori kama hilo. Jumatano ya kwanza nilikaribia kulibusu."

Walifika baada ya dakika ishirini na tano. Kwa pikapu ile, kupitia bondeni, wangekuwa bado wanahangaika na matope.

Mwalimu alikuwa zizini, shati jeupe, kola imefungwa, anamsomea ng'ombe gazeti la jana. Ng'ombe alikuwa anatetemeka.

Daktari hakusalimia. Alivua saa, akajipaka sabuni mpaka begani, akaingiza mkono. Uso wake ukabadilika.

"Mguu wa pili umekunjwa chini ya kifua. Lazima nimsukume ndama arudi ndani kwanza."

"Arudi?" Mama Mkwe alishangaa. "Si tunamtaka nje?"

"Hapiti namna hii. Shika hii kamba, Mama. Nikisema vuta, vuta kuelekea chini, na uvute pale tu ng'ombe anapojikaza. Akipumzika, nawe pumzika."

Alisukuma. Ng'ombe alijikaza kinyume chake, na mkono wa Daktari ukabanwa hadi vidole vikafa ganzi. Akasubiri. Akasukuma tena. Akaitafuta kwato kwa kupapasa, akaifunika ndani ya kiganja isije ikachana tumbo la mama, akaileta mbele taratibu, taratibu, taratibu...

"Imekuja! Vuta!"

Mama Mkwe akavuta. Mwalimu naye akaweka gazeti chini, akashika kamba nyuma yake.

"Pumzika! ... Vuta! ... Pumzika! ... Sasa, vuta!"

Ndama alitoka kwa mkupuo mmoja, akawaangukia wote watatu kwenye majani.

Hakupumua.

Daktari alimfuta pua. Akachukua ujani, akamtekenya ndani ya tundu la pua. Hakuna kitu. Akamsugua mbavu kwa shuka, kwa nguvu, huku akisema kwa meno yaliyobana, "Si leo. Si tena. Amka wewe. Amka!"

Mama Mkwe aliona machozi yakimtoka mkwewe, naye akajua kwa mara ya kwanza ndama yule wa mwezi uliopita alikuwa amekaa wapi ndani ya moyo wa mtoto huyu.

Ndama akapiga chafya.

Akapiga ya pili. Akatikisa masikio. Mwalimu Mstaafu, mtu wa sentensi kamili, akasema, "Yaani!" Akashindwa kuendelea.

Wakacheka wote. Lakini msomaji, kicheko kile hakikumaliza hata dakika.

Ng'ombe alikuwa amelala. Shingo imejipinda kuelekea ubavuni, masikio ya baridi kama bilauri.

"Amepungukiwa kalsiamu," alisema Daktari, akisimama haraka. "Anahitaji chupa mshipani sasa hivi, la sivyo hataamka."

"Si umpe?" Mama Mkwe aliuliza.

Daktari alishika kichwa. "Ziko kwenye sanduku kubwa. Kliniki. Sanduku halijawahi kuingia kwenye buti la Nyigu."

Walitazamana. Kisha Mama Mkwe akageuka na kukimbia, safari hii viatu vyote viwili vikiwa miguuni.

Alitumia dakika hamsini, kwenda na kurudi. Daktari alizihesabu zote akiwa ameuegemeza mgongo kwenye ubavu wa ng'ombe ili asipinduke, akimsikia anavyopumua, pumzi moja, kisha akiibembeleza nyingine ije. Aliposikia Nyigu akinguruma mbali kwenye lami, hakuwa amewahi kusikia muziki mtamu kama ule. Sanduku lilikuja limefungwa mkanda kwenye kiti cha abiria kama bibi harusi.

Chupa ikapanda. Dawa ikateremka. Baada ya robo saa ng'ombe akatikisa kichwa, akajamba kwa kishindo, akasimama.

"Samahani," alisema Mwalimu kwa niaba yake.

Njiani kurudi, Daktari ndiye aliyeshika usukani. Sanduku waliliacha kwa Mwalimu, litafuatwa kesho. Alienda polepole. Mama Mkwe alisubiri sifa zake, hazikuja.

"Leo Nyigu amemwokoa ndama," Daktari alisema mwishowe.

"Ehe! Sema!"

"Na nusura amuue ng'ombe." Alipunguza gia. "Kama ungekwama kwenye foleni dakika kumi tu, Mama, Mwalimu angekuwa na ndama yatima. Siwezi kwenda kazini nikiwa na nusu ya dawa na bahati. Hii kazi si ya bahati. Nitaibadilisha. Nisamehe."

Mama Mkwe hakubisha. Hilo ndilo lililomtisha Daktari zaidi, maana Mama Mkwe hubishana hata na redio.

Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika ishirini. Mume wa Daktari, fundi seremala ambaye wateja wake wanamwita Taratibu kwa sababu wanazozijua, alikuwa uani akipiga randa mlango wa kabati. Alipomwona mama yake anashuka upande wa abiria kwa ule mtindo wa sekunde mbili mbele ya mkewe, randa ilimtoka mkononi.

"Anajua," Mama Mkwe alimwambia.

"Anajua kiasi gani?"

"Najua Jumatano zote," alisema Daktari. "Mimi na wewe tutaongea."

"Naona," alisema Taratibu, akaokota randa, akaishika kichwa chini miguu juu.

"Acheni hayo," alisema Mama Mkwe. "Njooni wote wawili. Bandani."

Hapo hata Taratibu alisimama wima. Banda la nyuma ya nyumba halifunguliwi. Ndani yake, chini ya turubai, limo gari la marehemu baba yake, mchimba visima: gari kubwa la magurudumu manne, lenye mgongo wa kubebea mabomba na pampu, lililopita kila bonde na kila mto wa nchi hii. Siku ya mazishi Mama Mkwe alilifunika kwa mikono yake, akafunga kufuli, na ufunguo mmoja tu wa banda akauficha kwenye mkoba ambao hauachi hata akienda kuoga. Ndugu waliomba kuliazima, wakafukuzwa. Mnunuzi alikuja mara moja, hakurudi.

Miaka tisa.

Sasa alisimama mbele ya mlango wa banda, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Mkwe wangu, mimi nilikuwa opereta wa simu miaka thelathini na mmoja," alianza. "Nimekaa kwenye kiti kile kile, nikiwaunganisha watu wanaosafiri na watu wanaowangoja. Nimefika, mama. Tumekwama, tutumie gari. Kesho tunavuka mpaka. Watu wote walikuwa wanakwenda, mimi nimekaa. Nikirudi nyumbani, mume wangu naye yuko safarini na visima vyake. Nilimpenda sana. Lakini sikuwahi kukaa mbele."

Hata jirani aliyekuwa anatwanga aliacha.

"Hili gari nimelifunika kama maiti wa pili, wakati lilitengenezwa lifanye kazi. Mwenyewe angeniona angenicheka. Sasa sikiliza. Nipe Nyigu. Chukua la baba yenu. Gari kwa gari, hakuna cha kuongeza."

"Mama, siwezi," alisema Daktari. "Hili ni la Baba."

"Baba hataendesha tena. Wewe una ng'ombe wanaokungoja."

"Hujui unachosema. Kesho utajuta."

"Nimekuwa nikijuta miaka tisa, nimechoka! Unalitaka au hulitaka?"

Daktari alimtazama mumewe. Taratibu alikuwa anafuta macho kwa kitambaa chenye vumbi la mbao, jambo lililozidisha machozi tu.

"Jumatano utaniazima Nyigu?" Daktari aliuliza.

"Nitafikiria."

"Mama!"

"Basi, Jumatano. Lakini urudishe mafuta."

Wakakumbatiana. Taratibu akawakumbatia wote wawili, na maranda ya mbao yakawaingia masikioni, wakacheka huku wanalia, na kwa kweli nilitamani niishie hapo niwaache mlale vizuri.

Daktari alichukua simu. Ilikuwa imebaki dakika tano kugonga saa kumi.

"Bwana wa maua, nisamehe. Nimepata gari jingine hapa nyumbani. Pikapu mpe mfyatua matofali."

"Una hakika, Daktari? Yuko hapa mbele yangu. Nikimpa, nimempa."

"Nina hakika."

"Haya. Heri kwenu." Na kwenye simu ile ile akasikia funguo zikilia, mlango ukifungwa, na pikapu ikiondoka kwa honi za furaha. Imekwenda. Haitarudi.

"Betri itakuwa imekufa siku nyingi," alisema Taratibu, akikunja mikono ya shati. "Matairi nayo yamelala. Nipeni wiki mbili."

"Wiki mbili zako ni miezi miwili," alisema mama yake. Akachomoa ufunguo, akaupulizia vumbi, akafungua kufuli. Akausukuma mlango kwa bega.

Mwanga wa jua ukaingia. Turubai lilikuwa pale pale, kijivu, limekunjika kama alivyoliacha. Wakashika pembe, mmoja mmoja, wakalivuta kwa heshima.

Daktari ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa ametazama chini, kwenye magurudumu.

Matairi yalikuwa yamejaa upepo. Na juu ya matairi, mpaka milangoni, kulikuwa na matope. Si vumbi la miaka tisa. Matope mabichi, meusi, yanayodondoka.

"Mwanangu," Mama Mkwe alinong'ona, "hii ni kazi yako?"

"Mimi? Mama, naapa, sijaingia humu tangu mazishi!"

Daktari alisogea mbele, akanyoosha mkono, akauweka juu ya boneti. Akauondoa upesi kama mtu aliyegusa sufuria jikoni.

Injini ilikuwa ya moto.